Unga usio na gluteni: Safari kutoka duka la dawa hadi rafu ya supamaketi

KWA watu wengi, kipande cha mkate au keki ya siku ya kuzaliwa si jambo la kumtia mtu wasiwasi.

Lakini kwa mgonjwa wa siliaki, kipande hicho hicho ni sumu inayoharibu utumbo wake polepole, hata kama siku hiyo hatahisi maumivu yoyote.

Kwa miaka mingi, mgonjwa wa aina hii nchini Marekani aliyetaka kuoka keki alilazimika kuagiza unga maalumu kwa njia ya posta au kuutafuta katika maduka machache ya vyakula vya afya. Nchini Uingereza, unga huo ulitolewa katika duka la dawa kwa karatasi ya daktari, kama vile vidonge.

Siku hizi, pakiti za mchanganyiko wa kuokea usio na gluteni zimepangwa kwenye rafu za supamaketi za kawaida katika mataifa hayo, karibu na unga wa ngano.

Je, mabadiliko haya yalitokeaje? Na yana funzo gani kwa mlaji wa hapa Kenya, ambaye tayari ana mtama, wimbi na mhogo jikoni mwake?

GLUTENI NI NINI?

Gluteni ni jina la jumla la protini zilizomo katika ngano, pamoja na zile za jamii hiyo zinazopatikana katika shayiri na rai.

Unga wa ngano unapokandwa kwa maji, protini hizo hushikamana na kufanya utando unaovutika kama mpira. Hamira inapotoa hewa, utando huo huizuia isitoroke. Ndiyo sababu mkate huumuka, na chapati huweza kusukumwa hadi ikawa nyembamba bila kukatika.

Katika mwili wa mgonjwa wa siliaki, kinga ya mwili huichukulia gluteni kuwa adui. Katika vita hivyo, kinachoumia ni ukuta wa utumbo mwembamba wa mgonjwa mwenyewe.

Ukuta huo una vijidole vidogo mno, mithili ya nyuzi za zulia, ambavyo kazi yake ni kufyonza virutubisho. Vikiharibika, mtu hula akashiba ilhali mwili wake unabaki na njaa.

Matokeo yake ni kuharisha, tumbo kujaa gesi, upungufu wa damu usiokwisha hata kwa vidonge vya madini ya chuma, mifupa kuwa dhaifu, na watoto kudumaa. Wapo pia wagonjwa ambao hawaonyeshi dalili yoyote ya tumbo.

Inakadiriwa kuwa takriban mtu mmoja kati ya kila 100 duniani ana ugonjwa huu. Hauna dawa. Tiba yake ya pekee ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote.

NJAA ILIYOFICHUA SIRI

Mnamo 1888, daktari Samuel Gee wa London aliueleza ugonjwa huu kwa kina na kusema kuwa ikiwa mgonjwa ataweza kuponywa, basi ni kwa njia ya lishe. Hata hivyo, hakujua ni chakula kipi hasa kilichokuwa kikileta madhara.

Katika miaka ya 1920, daktari Sidney Haas wa New York aliwalisha watoto wagonjwa ndizi kwa wingi na kuwanyima mkate, nao wakapata nafuu. Ikadhaniwa kuwa ndizi ndiyo dawa, kumbe siri ilikuwa katika kile walichonyimwa.

Ukweli ulibainishwa na Willem Dicke, daktari wa watoto nchini Uholanzi, ambaye tangu miaka ya 1930 alikuwa ameanza kuushuku mkate.

Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, Uholanzi ilikumbwa na njaa kali kutokana na vita. Mkate uliadimika, na watu wakalazimika kula hata vitunguu vya maua. Jambo la ajabu ni kwamba watoto waliougua siliaki walipata nafuu wakati wenzao walikuwa wakidhoofika. Mkate uliporejea, wakaugua tena.

Dicke aliwasilisha matokeo ya uchunguzi wake katika tasnifu ya uzamifu mwaka wa 1950. Tangu wakati huo imejulikana kuwa adui ni ngano na jamii yake.

KAZI YA GUNDI

Kujua adui ni jambo moja, na kuoka mkate bila yeye ni jambo jingine.

Ukioka keki kwa unga wa mchele pekee, itatoka kavu na kumomonyoka kama mchanga. Ukitumia wanga wa mhogo pekee, itanata kama ulimbo. Hakuna unga mmoja uwezao kuifanya kazi yote ya ngano.

Kwa sababu hiyo, waokaji walijifunza kuchanganya. Nchini Marekani, Bette Hagman, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa siliaki, alichapisha kitabu cha mapishi mwaka wa 1990. Mchanganyiko wake uliopata umaarufu ulikuwa wa vikombe viwili vya unga wa mchele, thuluthi mbili ya kikombe cha wanga wa viazi, na thuluthi moja ya kikombe cha wanga wa mhogo.

Kilichosalia ni kupata kitu cha kushika hewa badala ya gluteni. Kazi hiyo ilipewa gundi iitwayo zanthani, iliyogunduliwa na wanasayansi wa maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani mjini Peoria, jimbo la Illinois, na kuidhinishwa kutumiwa katika chakula mwaka wa 1969.

Ajabu ni kwamba gundi hiyo hutengenezwa na bakteria aitwaye Xanthomonas campestris, ambaye kwa mkulima wa kabeji na sukuma wiki ni mharibifu anayesababisha majani kuoza na kuwa meusi. Kiwandani, bakteria huyo hukuzwa kwa sukari, kisha gundi yake hutenganishwa, hukaushwa na kusagwa. Kiasi kisichozidi kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe cha unga hutosha kuushikanisha.

Hapo ndipo ilipo thamani ya mchanganyiko wa pakiti. Mnunuzi hahitaji kutafuta aina nne za unga, kununua gundi na kukisia vipimo. Anaongeza mayai, mafuta na maji, kisha anaoka.

MLANGO WA SUPAMAKETI WAFUNGUKA

Kwa muda mrefu wenye maduka makubwa hawakuona sababu ya kuuza bidhaa hizi. Ugonjwa wenyewe ulidhaniwa kuwa nadra mno.

Dhana hiyo ilibadilishwa na maabara. Mwaka wa 1997, watafiti nchini Ujerumani walitambua kile hasa ambacho kingamwili za mgonjwa hushambulia utumboni, na hilo likawezesha kipimo rahisi cha damu.

Mwaka wa 2003, utafiti ulioongozwa na daktari Alessio Fasano, uliopima zaidi ya watu 13,000 nchini Marekani, ulionyesha kuwa mtu mmoja kati ya kila 133 ana siliaki. Ghafla, ugonjwa wa watu wachache ukawa ugonjwa wa mamilioni ya wanunuzi.

Kampuni ndogo, mathalani Bob's Red Mill ya jimbo la Oregon, zilikuwa tayari zinauza unga wa aina hii. Kampuni kubwa zikafuata.

Mnamo 2008, General Mills iliondoa kimea cha shayiri katika nafaka yake ya Rice Chex. Mwaka uliofuata, kupitia nembo ya Betty Crocker, ikaleta michanganyiko minne isiyo na gluteni, miwili ya keki, mmoja wa biskuti na mmoja wa vikeki vizito vya chokoleti. Mwaka wa 2010, Bisquick na King Arthur nazo zikaingiza zao sokoni.

Jambo kubwa halikuwa ladha pekee. Mama wa mtoto mgonjwa sasa angeweza kununua keki ya sherehe dukani alikonunua sabuni na maziwa.

UZITO WA NENO MOJA

Hata hivyo, pakiti hiyo ingekuwa hatari kuliko kutokuwapo iwapo maandishi yaliyo juu yake hayangeaminika.

Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka wa 2004 ya kulazimisha ngano itajwe waziwazi kwenye lebo, na kulitaka shirika la FDA, linalosimamia chakula na dawa, kueleza maana ya maneno "isiyo na gluteni". Kanuni hiyo ilitolewa Agosti 2013, na watengenezaji wakapewa mwaka mmoja kuitimiza.

Kiwango kilichowekwa ni chini ya miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo ya chakula. Kiwango cha miligramu 20 ndicho pia kilichokubaliwa na tume ya kimataifa ya Codex Alimentarius mnamo 2008.

Ili msomaji apate picha, kila gramu 100 za unga wa ngano huwa na takriban gramu 8 hadi 12 za gluteni. Kwa hivyo, robo gramu tu ya unga huo, yaani sehemu ndogo ya kijiko cha chai, ikiangukia katika kilo nzima ya mchanganyiko safi, inatosha kuufikisha kwenye kikomo hicho.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika Oktoba 2015, wakati General Mills ilipolazimika kuondoa sokoni takriban masanduku milioni 1.8 ya nafaka ya Cheerios yaliyoandikwa kuwa hayana gluteni. Unga wa ngano ulikuwa umeingia kwa bahati mbaya katika mitambo ya kiwanda chake cha Lodi, jimbo la California.

Mlaji anapaswa pia kutofautisha maneno "isiyo na ngano" na "isiyo na gluteni". Bidhaa isiyo na ngano yaweza kuwa na shayiri au rai, nazo ni hatari vilevile kwa mgonjwa.

SI CHAKULA CHA KILA MTU

Umaarufu wa bidhaa hizi umewafanya baadhi ya watu wasio wagonjwa waamini kuwa zinapunguza unene au zina afya zaidi. Imani hiyo haina msingi.

Michanganyiko mingi hutegemea mchele uliokobolewa na wanga, hivyo huwa na nyuzinyuzi chache, na mara nyingi haiongezwi madini ya chuma na vitamini kama ifanyiwavyo ngano. Keki isiyo na gluteni bado ni keki, na sukari yake ni ile ile.

Fauka ya hayo, bei yake ni ya juu. Utafiti uliochapishwa nchini Kanada mwaka wa 2008 ulionyesha kuwa vyakula visivyo na gluteni vilikuwa ghali kwa asilimia 242, kwa wastani, kuliko vile vya kawaida. Utafiti wa Marekani wa mwaka wa 2019 ulionyesha kuwa tofauti hiyo bado ilikuwa asilimia 183.

Kwa mgonjwa, hii ni gharama ya tiba. Ndiyo maana katika eneo la England, serikali ilipopunguza orodha ya vyakula vinavyotolewa kwa karatasi ya daktari mnamo Desemba 2018, mkate na michanganyiko ya unga ndivyo vilivyobakizwa.

Onyo kuu ni hili: anayejishuku asiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo hutoweka mtu akiacha gluteni, na hata kijisehemu cha utumbo kikichukuliwa kuchunguzwa, chaweza kuonekana kizima. Mgonjwa ataambiwa hana ugonjwa ilhali anao.

JIKONI MWETU

Wapo wanaodhani kuwa maradhi haya ni ya Wazungu pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1999 ulionyesha kuwa zaidi ya watoto 5 kati ya kila 100 wa jamii ya Wasaharawi, wenye asili ya Sahara Magharibi, walikuwa na siliaki. Hicho ni kiwango cha juu kuliko cha Ulaya, tena katika jamii ambayo wengi wao huishi kambini na kutegemea unga wa ngano wa msaada.

Kwa upande wa vyakula, Afrika Mashariki imejaliwa. Mahindi, mchele, mtama, wimbi, mhogo, viazi na ndizi havina gluteni kwa asili. Vitumbua na mkate wa sinia wa Waswahili wa pwani, vikipikwa kwa mchele, nazi, sukari na hamira bila kuongezwa ngano, vimeumuka miaka mingi bila pakiti ya kigeni.

Hata hivyo, nafaka salama si lazima iwe unga salama. Mtama ukisagwa katika kinu kilichotoka kusaga ngano, hubeba mabaki yake. Unga wa uji wa kuchanganya waweza kutiwa ngano. Mafuta yaliyokaangia mandazi, na kibao kilichosukumiwa chapati, navyo huacha chembe.

Kwa familia yenye mgonjwa, njia ya busara ni kununua nafaka nzima, kuichagua na kuiosha, kisha kuisaga kwa kifaa kisichoguswa na ngano. Akinunua unga wa pakiti, na asome lebo yote, si jina la mbele pekee.

Safari ya unga huu kutoka duka la dawa hadi supamaketi ilichukua miongo mingi. Iliwezeshwa na daktari aliyechunguza njaa, kipimo cha damu, gundi ya bakteria, na sheria iliyoyapa maneno mawili matatu maana moja kwa kila mtengenezaji.

Nafaka tunazo tangu enzi za mababu. Anachohitaji mgonjwa ni uhakika kwamba kilichomo ndani ya mfuko ndicho kilichoandikwa juu yake.