Skrini ya Maelekezo ya Awali Inayotumika Tena katika Programu za Simu: Suala la Upatanisho wa Kisarufi wa Kiswahili

Skrini ya maelekezo ya awali ni kurasa chache anazokutana nazo mtumiaji anapofungua programu ya simu kwa mara ya kwanza. Humweleza kazi ya programu, matumizi ya vitufe, na sababu ya kuombwa ruhusa ya kutumia kamera au kujua mahali alipo. Kwa mwananchi anayeomba huduma ya umma akiwa peke yake, kurasa hizo ndizo mwelekezaji wake. Makala haya yanaeleza jinsi skrini hiyo inavyoweza kuundwa mara moja na kutumika katika programu nyingi, na yanadai kwamba kikwazo kikuu kwa upande wa Kiswahili ni cha kisarufi kuliko cha kihandisi.

Kihandisi, skrini hujengwa kama kijenzi kinachojitegemea. Kijenzi hupokea orodha ya kurasa, kila ukurasa ukiwa na kichwa, maelezo na picha. Huonyesha vitufe vya Endelea, Ruka na Maliza. Kisha huhifadhi simuni alama ya kwamba maelekezo yamekwisha kuonekana, ili yasijirudie kila programu inapofunguliwa. Alama hiyo ipewe namba ya toleo: maelekezo yakibadilika, namba hupandishwa na mtumiaji huonyeshwa upya. Aidha, menyu iwe na njia ya kuyarudia, kwa kuwa simu moja huweza kutumiwa na watu kadhaa wa kaya moja.

Tatizo huanza pale mtaalamu anapotaka kutumia tena sentensi pia, kwa kuacha nafasi tupu ya kujazwa nomino. Kwa Kiingereza mbinu hiyo hufaulu mara nyingi. Kwa Kiswahili, nomino hutawala vipashio vinavyoifuata: ombi lako limehifadhiwa, picha yako imehifadhiwa, cheti chako kimehifadhiwa. Kiolezo kimoja huzalisha *cheti yako imehifadhiwa. Kanuni za wingi za Kiswahili katika hifadhidata ya CLDR ya Unicode hazitatui jambo hili, kwani hutofautisha makundi mawili tu, la moja na la mengineyo, bila kugusa ngeli. Kwa hiyo, kijenzi kisibebe maneno yake chenyewe. Kipokee sentensi kamili, moja kwa kila nomino, kutoka katika faili la matini lililotengwa na msimbo.

Utengano huo husaidia pia kushughulikia tofauti za kimaeneo. Katika Android, matini ya Kiswahili huwekwa katika folda ya values-sw, na ya Kongo katika values-sw-rCD. Neno lisipopatikana katika ya pili, mfumo hulichukua katika ya kwanza. Hivyo Kiswahili Sanifu huwa msingi wa pamoja, na kila nchi hubadilisha istilahi chache tu, kama vile kompyuta na tarakilishi. Jambo hili lina uzito zaidi tangu 2022, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kwa watunga sera, hitimisho ni moja: mikataba ya kuunda programu za umma itake faili la matini liwasilishwe kwa wataalamu wa lugha kabla ya msimbo kukamilika. Sentensi iliyovunjwa vipande ndani ya msimbo haiwezi kusahihishwa na mfasiri, hata awe hodari kiasi gani.