Ngeli za Tovuti

Mwalimu mmoja wa sekondari, asiyeona tangu utotoni, alikaa mbele ya kompyuta yake kulipia bili ya maji. Hatumii kipanya, cha nini? Anabonyeza kitufe cha Tab, na NVDA, programu inayomsomea skrini, inamtajia kila anapofika. Tab: "Namba ya mteja." Tab: "Kiasi." Tab: "Vigezo na masharti." Akarudi nyuma, akaja tena mbele. Mara ya tatu akanigeukia: "Ndugu yangu, hawa watu hawaitaki hela yangu?"

Mimi nilikuwa naiona batani ya Lipa. Ya kijani, kona zake zimeviringwa, kivuli chini yake, imekaa katikati ya "Kiasi" na "Vigezo". Tab ilikuwa inairuka kana kwamba haipo. Na batani ile naijua kuliko mtu yeyote, maana ukurasa huo niliutengeneza mimi.

Kosa langu lilikuwa la neno moja. Kurasa za wavuti huandikwa kwa HTML, lugha ya alama ambazo sisi mafundi huziita tagi. Kila tagi hukiambia kivinjari kipande hiki cha ukurasa ni kitu gani: "h1" ni kichwa kikuu, "p" ni aya, "nav" ni menyu ya kuzungukia tovuti, "button" ni batani. Ipo pia "div", ambayo haisemi lolote. Ni boksi tupu. Nilichukua "div", nikaivika rangi kwa CSS, nikaiwekea JavaScript ya kusikiliza mbofyo wa kipanya. Machoni ikawa batani. Lakini kuvaa kanzu si kuwa shehe.

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Sema "kitabu", na sentensi nzima imeshajipanga: kitabu changu kizuri kimepotea. Hakuna anayekaa kuhesabu hizo "ki". Nomino ikishajulikana ngeli yake, maneno mengine hufuata yenyewe. Tagi nazo zina upatanisho wake. Ukiandika "button", Tab inasimama hapo bila kuombwa. Enter inaibonyeza, na kitufe cha nafasi pia. Kisoma skrini kinatangaza kwamba hii ni batani. Mtu akiwa bado ndani ya kisanduku cha "Kiasi", anaweza kupiga Enter na fomu ikaenda. Ukitaka kuizima kwa muda malipo yanapochakatwa, ni neno moja tu. Ukiandika "div", kila kimoja kati ya hivyo unatakiwa ukiunge kwa mkono, na ukisahau kimoja hakuna atakayekukumbusha. Mimi nilisahau vyote.

Ulegevu huu una historia. Tim Berners-Lee alipoibuni HTML akiwa CERN, kituo cha utafiti kule Geneva, orodha yake ya kwanza ya mwaka 1991 ilikuwa na tagi 18 hivi, na nyingi zilitaja kazi ya maandishi: kichwa, aya, orodha, anwani. Biashara ilipoingia mtandaoni, watu wakataka mapambo. Kivinjari cha Netscape kikaleta tagi ya kuweka maandishi katikati na nyingine ya kubadili herufi, na mafundi wakageuza majedwali, yaliyokusudiwa kubeba takwimu, kuwa fremu za kupangia ukurasa mzima. CSS ilipotoka Desemba 1996 ilileta mgawanyo wa kazi: HTML itaje kitu, CSS ikivishe. Majedwali yakaachwa polepole, lakini nafasi yake ikachukuliwa na misitu ya "div".

Ndani ya misitu hiyo, hata hivyo, mafundi walikuwa wakibandika majina yao wenyewe. Mwaka 2005 Ian Hickson wa Google alichunguza kurasa zaidi ya bilioni moja kutazama majina ambayo watu huyapa maboksi yao. Yakajirudia yale yale: kichwa cha ukurasa, menyu, maudhui, na lililoongoza kwa wingi, sehemu ya chini ya ukurasa. HTML5, iliyopitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Oktoba 2014, ikayafanya kadhaa ya hayo kuwa tagi kamili: "header", "nav", "footer". Ndivyo msamiati unavyokua: neno huzaliwa mtaani, kamusi hulikuta likitembea.

Kama tagi sahihi zipo, mbona makosa yanadumu? WebAIM, taasisi ya Marekani, kila mwaka hupima kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja zinazotembelewa sana. Mwaka 2024 asilimia 95.9 ya kurasa hizo zilikuwa na hitilafu zinazoweza kugunduliwa na mashine. Sababu mojawapo ni upole wa vivinjari. Ukisahau kufunga tagi, kivinjari hukufungia. Ukiingiza aya ndani ya aya, hukutenganishia. Ni kama msikilizaji anayesikia "kitabu yangu imepotea", akaelewa, akanyamaza. Zamani kila kivinjari kilisamehe kwa njia yake, na ukurasa mmoja ukaonekana kwa sura tatu. HTML5 ndiyo iliyoandika hatua kwa hatua jinsi kosa linavyosamehewa, ili vyote visamehe sawasawa. Msamaha huo umetuokoa na mengi, ila umetufundisha kwamba ukurasa ukifunguka basi umekamilika.

Ndiyo maana fundi akiambiwa kuna tatizo, jibu la kwanza mdomoni ni "mbona kwangu inafanya kazi?" Kwake ni kipakatalishi chenye Chrome, skrini pana na intaneti ya ofisini. Kubadili jina la kivinjari pekee hakumpeleki mbali, kwa kuwa Chrome, Edge, Opera na Samsung Internet vyote vinatumia injini moja ya kuchora kurasa, Blink. Akitaka kusema amejaribu, apitie pia Safari yenye WebKit na Firefox yenye Gecko. Kisha ashike simu ya bei nafuu yenye Opera Mini, ambayo katika hali yake ya kubana bando huuchakata ukurasa kwenye seva na kumletea mtumiaji matokeo yaliyokwisha kupunguzwa, JavaScript nyingi ikiwa imebaki huko huko. Hapo "div" yangu ya kijani ingeweza kubaki pambo tu, ilhali "button" ndani ya fomu inajua kutuma hata bila JavaScript.

Vivinjari vyenyewe vimewahi kukalishwa kwenye mtihani. Mwaka 2005 ulitolewa mtihani ulioitwa Acid2: kivinjari kinachofuata kanuni za CSS na HTML huchora uso wa katuni unaotabasamu, kisichofuata huchora uso uliovurugika. Internet Explorer ya wakati ule iliuvuruga. Ulitabasamu ilipofika toleo la 8, mwaka 2009. Uzuri wa mtihani ule ni kwamba ulihitaji jicho tu. Ubaya wa makosa kama langu ni kwamba jicho haliyaoni: uso unatabasamu na Tab inapita.

Siku hizi tunazo roboti za kujaribu kurasa. Selenium ilianza mwaka 2004; Playwright ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2020, huendesha injini zote tatu. Roboti inaweza kuelekezwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuiambia: bonyeza boksi la nne ndani ya boksi la pili. Mbunifu akisogeza kitu kidogo, jaribio linaanguka bila kosa lolote. Ya pili ni kuiambia: tafuta batani iitwayo Lipa, ibonyeze. Kwa njia hii roboti haiangalii rangi wala mahali. Inauliza kile kile anachouliza mwalimu wangu. Ningekuwa nimeandika jaribio la namna hiyo tangu mwanzo, lingeniambia siku ile ile kwamba ukurasa wangu hauna batani.

Kwa asiye na roboti, yako majaribio ya dakika tano. Weka kipanya pembeni, ulipe bili kwa Tab na Enter tu. Zima CSS uone kama ukurasa bado unasomeka kwa mpangilio. Gusa jina la kisanduku. Kama kielekezi hakiingii ndani ya kisanduku, tagi ya "label" haijaunganishwa. Fungua sehemu ya namba ya simu uone kama kibodi ya tarakimu inajitokeza. Kuna aina yake maalumu, "tel", kwani namba ya simu si hesabu ya kujumlishwa na sifuri yake ya mbele ina kazi. Mwisho, washa kisoma skrini cha simu, TalkBack kwenye Android au VoiceOver kwenye iPhone, ufumbe macho.

Nilirekebisha ukurasa ule kwa kufuta mistari mingi kuliko niliyoandika. Nikarudi kwa mwalimu. Tab: "Kiasi." Tab: "Lipa", na ikatajwa kuwa ni batani. Enter. Malipo yakapita. Nikangoja sifa.

"Sasa hela mnaitaka," alisema. "Ila huyu anayesoma ni mtalii?"

Kweli. Sauti yake ya eSpeak NG inakijua Kiswahili vizuri, lakini kwenye ukurasa wangu ilisoma "bure", "pole" na "mtandao wake" kwa matamshi ya Kiingereza. Nilipoanza kazi nilinakili kiolezo cha mtandaoni, na mstari wake wa kwanza ulitangaza lugha ya ukurasa kuwa "en". Kisoma skrini kilinitii kama nilivyokiagiza. Kutotaja lugha ni miongoni mwa makosa sita yanayoongoza katika hesabu za WebAIM. Langu lilikuwa baya zaidi, maana lugha niliitaja, na si yenyewe. Ukurasa mzima wa Kiswahili nilikuwa nimeutia kwenye ngeli ya watu wengine.

Nikafuta "en", nikaandika "sw". Akabonyeza Tab upya, akasikiliza hadi mwisho, kisha akazima kompyuta akaenda darasani.