Mistari Kumi na Sita ya Manganizi

Lengalenga zinazoota kati ya mawe meusi ya volkano mtaani Katoyi, mjini Goma, zinaweza jambo lililowashinda bakteria wa Ghuba ya Kabuno, kaskazini-magharibi mwa Ziwa Kivu: kuvunja maji. Bakteria hao wa kijani, walioelezwa na watafiti mwaka 2015, huishi mita kumi hivi chini ya uso wa ghuba, na kwa mwanga hafifu unaowafikia huchukua elektroni kutoka kwenye chuma kilichoyeyuka. Hawatoi oksijeni.

Chuma hiki huachia elektroni kwa urahisi, maji huzing'ang'ania. Jani huzipata kwa kifundo cha atomi nne za manganizi na moja ya kalisi, zilizoshikanishwa kwa oksijeni. Mwanga hukinyang'anya kifundo elektroni moja moja. Zikitimia nne, molekuli mbili za maji huvunjika, na oksijeni tunayovuta hutoka. Mtafiti Bessel Kok aliupanga mzunguko huo mwaka 1970 kwa kupima oksijeni baada ya kila mmweko wa mwanga. Manganizi yenyewe hakuiona.

Ilionekana kwa mwangwi wa sumaku wa elektroni, mbinu ambayo Yevgeny Zavoisky aliigundua Kazan mwaka 1944. Elektroni isiyo na mwenzake ni sumaku ndogo mno. Ukiiweka ndani ya uga wa sumaku kubwa, humeza mawimbi ya mikrowevu pale tu uga unapofikia kiwango fulani, na hapo mashine huchora mstari. Kiini cha manganizi nacho ni sumaku, chenye mikao sita, kwa hiyo atomi moja huupasua mstari huo kuwa sita.

Mwaka 1981 Charles Dismukes na Yona Siderer walizimulika kloroplasti za spinachi kwa mmweko mmoja, wakazigandisha. Walipata angalau mistari 16! Atomi moja haiwezi kutoa mistari mingi hivyo: manganizi kadhaa zilikuwa zikishirikiana elektroni zao. Katika fani hii yote sijui hoja nzuri kuliko hiyo, maana muungano wa atomi ulithibitishwa kwa kuhesabu tu.

Picha ya kifundo kizima, kila atomi mahali pake, ilipatikana Japani mwaka 2011 kwa miale ya X. Lakini miale hiyo huichokoza manganizi na kuirudishia elektroni ilizopoteza; mikrowevu haziidhuru. Ndiyo maana swali la elektroni ngapi kila manganizi imepoteza lilirudi kwenye sumaku. Mwaka 2014 Nicholas Cox na wenzake wa Mülheim, Ujerumani, walionyesha kwamba katika hali ya mwisho inayoweza kugandishwa, kabla oksijeni haijaundwa, manganizi zote nne ziko kwenye chaji ya +4.