Kabla ya Kuzungusha Distribyuta

Ukikutana na Land Rover ya Series kwenye barabara ya Bukoba–Muleba, usidhani distribyuta yake ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Gari la umri huo limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja alifunga alichokipata. Ndiyo maana nasisitiza: soma kwanza, zungusha baadaye.

Futa grisi ubavuni. Distribyuta ya Lucas imegongwa chapa ya aina yake, mathalani 25D4 au 45D4, ambapo 4 ya mwisho ni idadi ya silinda. Ipo pia namba ya kifaa, na mara nyingi nyingine inayotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Namba ya kifaa ndiyo muhimu kuliko zote. Distribyuta mbili zenye sura moja zaweza kuwa na springi na vizito tofauti ndani, na hivyo ndivyo vinavyoamua cheche iwahi kiasi gani injini inapoongeza kasi. Ukifunga isiyo yake, gari litaunguruma vizuri likiwa limesimama, kisha litaishiwa nguvu au kuanza kugonga likifika mlimani. Shika pia shafti uitikise: ikicheza pembeni, bushi zimekwisha, na hakuna taimingi itakayotulia.

Sasa tafuta silinda namba moja. Kwenye Land Rover ni ile ya mbele, upande wa rejeta. Kwenye Peugeot 404 na 504 huhesabiwa kuanzia upande wa flaiwili! Zote huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu mpangilio ni sahihi ila wameanzia mwisho usio wake.

Injini huzunguka mara mbili ili distribyuta izunguke mara moja. Kwa hiyo pistoni ya kwanza hufika juu mara mbili, lakini mara moja tu ikiwa imebana mchanganyiko wa petroli na hewa. Alama ya puli au flaiwili haikwambii ni ipi. Toa plagi, ziba tundu kwa kidole, zungusha injini kwa mkono. Upepo ukisukuma kidole, ndiyo hiyo. Rota inapaswa kuelekea waya wa silinda hiyo.

Pointi zirekebishwe kabla ya taimingi, kwani nafasi ikiongezeka, zinafunguka mapema na cheche inawahi. Kwa 25D4 ni milimita 0.35 hadi 0.40. Weka injini kwenye nyuzi zilizotajwa na kitabu cha injini hiyo, unganisha taa ndogo kati ya waya mwembamba wa distribyuta na bodi, washa swichi. Zungusha distribyuta kinyume cha mwendo wa rota, polepole. Taa inapowaka tu, pointi zimefunguka, kaza hapo.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa Bukoba ni pungufu kwa takriban asilimia 13 ukilinganisha na Dar es Salaam. Mchanganyiko mwepesi huungua taratibu na haugongi upesi, hivyo injini huvumilia cheche iwahi nyuzi moja au mbili zaidi. Ijaribu kwenye mpando wa Kamachumu ikiwa na mzigo. Ikigonga, legeza boliti na uzungushe distribyuta kidogo kufuata mwendo wa rota.