Hesabu ya vyeo: nani atapanda, nani atasubiri

Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilisogeza umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60. Waliokuwa wakifunga virago wakapata miaka mitano zaidi ya mshahara. Waliokuwa wakisubiri viti vyao, hesabu iliwageukia.

Chukua taasisi yenye ikama ya watu 100: 60 daraja la chini, 30 la kati na 10 la juu. Tuseme kila mwaka mtu mmoja kati ya 10 huondoka katika kila daraja. Juu panabaki nafasi moja, nayo inajazwa na mtu wa kati. Kati wameondoka watatu na mmoja amepanda, hivyo wanahitajika wanne kutoka chini. Chini wameondoka sita na wanne wamepanda, kwa hiyo wanaajiriwa wapya 10. Kwa mwaka, mtumishi wa daraja la kati ana nafasi moja kati ya 30 ya kupanda, hata kama wote 30 ni hodari.

Mwanasosholojia wa Marekani, Harrison White, aliichambua hali hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, akitumia kumbukumbu za makanisa ya nchi yake. Mchungaji akistaafu au akifariki, parokia yake hupewa mwingine, naye huacha wazi ile aliyotoka. White aliacha kufuatilia watu, akafuatilia nafasi zenyewe: watu wanapopanda, nafasi wazi inashuka ngazi kwa ngazi, mpaka ijazwe na mgeni kutoka nje au kiti kifutwe.

Kwa hesabu hiyo, katika taasisi yetu kila mkubwa anayeahirisha kustaafu anazuia hatua tatu: ya mtu wa kati, ya mtu wa chini na ya kijana anayetafuta ajira.

Si kila mwajiri husubiri kiti kiwe wazi. Wapo wanaopandisha watu kwa kuwa muda wao umefika. Hapo hutumika mnyororo wa Markov, uliopewa jina la Andrei Markov, mwanahisabati wa Urusi aliyeanza kuandika juu yake mwaka 1906. Kila daraja hupewa viwango vitatu: wanaobaki, wanaopanda na wanaoondoka. Ukizidisha idadi ya leo kwa viwango hivyo, unapata picha ya mwakani. Ukirudia, ya miaka mingi ijayo. Mwaka 1961 Andrew Young na Gwilym Almond walichapisha makala nchini Uingereza wakionyesha jinsi ya kutabiri mgawanyo wa wafanyakazi kwa njia hiyo.

Matokeo yake yanaweza kumshtua mhasibu. Ikiwa watatu wa daraja la kati watapandishwa kila mwaka na pengo lao kujazwa, huku juu akiondoka mmoja kati ya 10, wakubwa watakuwa 12 mwaka wa kwanza, karibu 14 wa pili, na wataendelea kuongezeka hadi kukaribia 30. Mishahara ya juu itakuwa imeongezeka mara tatu bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Udhaifu wa hesabu hizi uko kwenye viwango vyenyewe. Mwaka 1950 A. K. Rice, J. M. M. Hill na E. L. Trist walichapisha utafiti uliohusu kampuni ya Glacier Metal ya London. Waliona kwamba wanaoondoka zaidi ni wapya. Kadiri mtu anavyokaa kazini ndivyo uwezekano wa kuondoka unavyopungua. Kiwango kimoja kwa daraja zima basi hupotosha, na ndiyo sababu wataalamu hutenganisha wageni na wakongwe. Ikiwa wapya watatu kati ya 10 huacha kazi kabla ya mwaka kwisha, taasisi inayotaka kubaki na 10 lazima iajiri 14 au 15, na bajeti ya mafunzo iwahesabu wote.