Plagi Moja, Nyaya Mbalimbali

Joistiki ya zamani huja na plagi ya pini tisa, na umbo la plagi hiyo limeua kompyuta nyingi. Atari waliitumia kwenye mashine yao ya gemu mwaka 1977; Commodore 64, MSX, Amstrad CPC na Sega Mega Drive zikaiga umbo, ila ndani nyaya hazikupangwa sawa kwa wote.

Malindi jambo hili lina uzito wake. Pedi za mashine za kaseti, zile za Kichina zilizotuchezesha Mario na Contra miaka ya 1990, nyingi zina plagi hiyo hiyo. Waitaliano waliolowea hapa nao wametoka nchi iliyoipenda mno Commodore 64. Na mwenye jamaa Ghuba akiletewa Sakhr, kompyuta ya Kiarabu iliyouzwa na kampuni ya Kuwait, ajue hiyo ni MSX.

Joistiki ya Atari haina akili yoyote ndani. Ni swichi tano. Pini ya 1 ni juu, ya 2 chini, ya 3 kushoto, ya 4 kulia, ya 6 kitufe cha kufyatulia, na ya 8 ndiyo hasi ya wote. Kompyuta huweka volti 5 hafifu kwenye kila njia. Ukisukuma wenzo, swichi huikutanisha njia ile na hasi, volti zikashuka, nayo kompyuta ikajua umeelekea wapi.

Pedi ya Kichina ina chipu inayotuma habari za vitufe vyote kwa waya mmoja, kimoja baada ya kingine. Kwenye mashine zake nyingi, pini ya 6 hubeba volti 5 na ya 8 ni hasi. Chomeka hapo joistiki ya Atari, kisha fyatua: chanya na hasi zimegusana uso kwa uso. Joistiki ya MSX yenye vitufe viwili nayo ina hatari yake kwenye Commodore, kwa kuwa kitufe cha pili kiko pini ya 7, na Commodore huipitishia pini hiyo volti 5. Pima kwa mita kwanza; plagi kuingia si ushahidi wa kitu.

Mimi hupendelea kuunda yangu. Kisanduku cha ubao wa mwembe chatosha, kiwe kizito kisitembee mezani. Wenzo wa mashine za kumbi za gemu, kama Sanwa JLF, hutoka na nyaya tano: nne za pande na moja ya hasi. Kitufe kinataka tundu la milimita 30. Wengi hukwama kwenye jambo moja: wenzo umeegemea katikati, hivyo ukiusukuma juu, ncha yake ya ndani huenda chini na kubonyeza swichi ya chini. Basi waya wa pini ya 1 hulehemiwa kwenye swichi ya chini. Katika gemu nyingi za Commodore unaruka kwa kusukuma juu, jambo linalochosha kiganja. Ongeza kitufe cha pili kati ya pini ya 1 na ya 8, uruke kwa kidole.

Ichomeke kwenye Commodore 64 ikiwa imezimwa, tena usiguse pini za tundu kwa vidole, maana umeme tuli wa mwilini huweza kuiunguza chipu ya 6526, inayosoma joistiki. Anza na tundu la 2, ambalo gemu nyingi hulitumia. La 1 linachangia njia na kibodi, kwa hiyo kufyatua huko huonekana kama umebonyeza kitufe cha nafasi. Kisha andika programu hii na uiendeshe kwa RUN:

10 PRINT PEEK(56320)
20 GOTO 10

Joistiki ikitulia, namba isome 127. Juu 126, chini 125, kushoto 123, kulia 119, kufyatua 111. Namba ikikwama pasipo mtu kugusa, kuna swichi iliyonata au nyaya zilizogusana.

Kwetu mshukiwa wa kwanza ni chumvi. Kuanzia Kilifi hadi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, upepo wa bahari huacha ukungu wa kijani juu ya shaba. Joistiki zenye vibati vilivyo wazi huumwa mapema. Swichi zilizofunikwa hustahimili zaidi. Vibati vifute kwa pamba yenye spiriti, uviache vikauke kabisa ndipo uwashe. Msasa usiutumie: huondoa kile kitabaka chembamba kinachozuia kutu, na baada ya miezi michache tatizo hurudi kubwa zaidi.