Unataka bunduki ya kulinda nyumba Dumila? Soma hii kabla hujatoa hela yako

Dumila ni mji wa njia panda. Malori ya Dodoma yanapita usiku na mchana, barabara ya Kilosa inachepuka hapohapo, na wakati wa mavuno hela ya mpunga, mahindi na nyanya inazunguka mkononi. Mwenye duka, wakala wa pesa au mkulima aliyeuza mzigo leo analala na wasiwasi. Haishangazi basi kwamba swali hili linaulizwa sana: nikitaka silaha ya kulinda nyumba yangu, nichukue ipi?

Wengi wanaanzia kwenye simu. Unafungua video za Wamarekani, unakutana na bunduki fupi nyepesi inayotumia risasi za bastola. Inaitwa kabaini. Jamaa anaisifia kuwa inafaa kulenga shabaha wikiendi na kulinda nyumba usiku. Je, wewe wa Dumila unaweza kuwa nayo?

Kabaini ni nini hasa?

Ni bunduki ya kitako na mtutu mrefu kuliko wa bastola, lakini risasi yake ni ileile ya bastola, mara nyingi ya milimita 9. Sifa zake ni za kweli. Unaishika kwa mikono miwili na kuiegemeza begani, kwa hiyo haiyumbi kama bastola. Haipigi bega teke kali. Risasi za milimita 9 ni rahisi kuliko za raifo kubwa, ndiyo maana wanaopenda mchezo wa shabaha wanaipenda.

Tatizo ni jinsi inavyofanya kazi. Kabaini nyingi za kisasa ni nusu-otomatiki: kila ukivuta kifyatuo risasi inatoka, na nyingine inajipakia yenyewe.

Kwa nini huku kwetu ni habari nyingine

Tarehe 21 Aprili 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilisaini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo. Tanzania ni mojawapo. Itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama zipige marufuku kabisa raia kumiliki bunduki za otomatiki na raifo za nusu-otomatiki. Kabaini ya kwenye video inaangukia humo moja kwa moja.

Kwa hiyo ukikutana na mtu anakwambia ana "mzigo kutoka mpakani" na karatasi atakutengenezea, kimbia. Hilo si duka, ni kesi.

Na kesi yenyewe si ndogo. Kumiliki silaha bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Likishtakiwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, ambavyo ndivyo inavyofanyika mara nyingi, kifungo kinaanzia miaka 20 hadi 30 tangu marekebisho ya mwaka 2016. Hata gobore la kuchongwa na fundi kijijini linahesabika kuwa silaha. Wapo watu walioingia jela kwa gobore tu.

Zinazobaki mezani

Mwombaji wa kawaida anabaki na aina tatu za kufikiria.

Shotigani, ile ya marisau. Wengi wanaoomba silaha ya kulinda nyumba au shamba wanafikiria hii kwanza. Ni imara na haina mambo mengi. Ila usidanganyike na maneno ya mtaani kwamba "haihitaji kulenga". Ndani ya chumba marisau hayajapata nafasi ya kutawanyika, yanakwenda kama fungu moja dogo. Usipolenga, unakosa. Na inapiga bega vizuri tu.

Bastola. Ni ndogo, inabebeka, inafungika kwenye sefu ndogo. Lakini ndiyo ngumu kuliko zote kulenga, hasa mikono ikitetemeka saa nane za usiku. Udogo wake pia ni hatari: ni rahisi kuibwa, na ni rahisi mtoto kuiokota.

Raifo ya kukoki kwa mkono. Hii ni ya wawindaji. Risasi yake inasafiri mbali sana na haijali ukuta. Kwa nyumba zilizobanana kama za karibu na stendi, haifai. Na kama wazo lako ni kuwinda, jua kwamba leseni ya silaha si kibali cha kuwinda. Kuwinda kunahitaji leseni yake chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Kabla ya kuchagua, angalia kuta

Hili watu wengi hawalifikirii. Nyumba ya miti na udongo, au kibanda cha bati, haizuii risasi ya milimita 9, wala ya raifo. Ukimkosa mwizi mlangoni, risasi inaendelea mpaka chumba cha watoto au kwa jirani. Kwa hiyo swali la kwanza si "ipi ina nguvu", ni "nyuma ya ninayemlenga kuna nani?" Kama huna jibu, hakuna silaha inayokufaa.

Njia ya kuipata kihalali

Mwombaji awe na umri wa miaka 25 au zaidi, akili timamu, asiwe mlevi wa kupindukia wala mtu wa fujo, na asiwe na rekodi ya uhalifu. Lazima pia apate cheti cha umahiri, yaani athibitishe kuwa anajua kuitumia na kuitunza silaha.

Maombi yanaanzia chini: serikali ya kijiji au mtaa wako, kisha kata, kisha wilaya, ambayo kwa Dumila ni Kilosa, halafu mkoani Morogoro, mpaka kwa Msajili wa Silaha. Njiani kote huko kamati za ulinzi na usalama zinakujadili. Usione ni usumbufu. Wanaokufahamu ndio wanaoulizwa kama wewe ni mtu wa kupewa bunduki.

Usinunue kwanza ukaomba baadaye. Kibali kinatangulia, silaha inafuata.

Ukishaipata, ifungie kwenye sefu, risasi ziwe mbali nayo. Usimwazime ndugu wala mlinzi kienyeji. Ikipotea, nenda polisi mara moja.

Sheria inasemaje ukimpiga mwizi?

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 na vinavyofuata, inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kulinda mali. Lakini nguvu iwe ya kiasi kinachohitajika tu. Ukizidisha na mtu akafa, sheria inasema wazi: umeua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Mtu anayevunja mlango usiku na panga mkononi ni jambo moja. Kijana anayekimbia na kuku wako, mgongo ameshakupa, ni jambo lingine kabisa. Huyo wa pili ukimpiga risasi, mshtakiwa ni wewe.

Na si silaha ya kumaliza ugomvi wa shamba

Kilosa tunalijua hili kwa uchungu. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Ng'ombe wakiingia shambani hasira inapanda haraka, na bunduki ikiwa karibu, ugomvi wa fidia ya mahindi unageuka msiba wa koo mbili. Kama sababu yako ya kutaka silaha ni jirani mnayegombea mpaka, peleka suala hilo baraza la ardhi la kijiji. Bunduki haipimi mpaka.

Kwa wengi, hela hiyo ina kazi bora

Kuna jambo moja wauzaji hawasemi: nyumba inavunjwa zaidi wakati haina mtu. Mwizi akikuta bunduki ndani, anaondoka nayo, na sasa ana silaha yenye jina lako.

Kwa hiyo anza na hivi: mlango wa chuma na komeo la ndani, taa ya sola yenye kuwaka mtu akisogea, mbwa anayebweka. Hela ya mavuno iweke benki au kwenye simu siku hiyohiyo, na usitangaze umeuza gunia ngapi. Namba ya mkaguzi wa polisi wa kata yako iwepo kwenye simu, pamoja na 112 ya dharura. Jiunge na ulinzi shirikishi wa kitongoji. Filimbi moja inayoamsha nyumba kumi inamkimbiza mwizi, na haimuui mtu wako kwa bahati mbaya.

Una gobore la marehemu babu?

Usilifukie wala kulitupa mtoni. Septemba ni mwezi wa msamaha wa silaha barani Afrika, na hapa nchini polisi hutangaza kipindi cha kusalimisha kwa hiari bila kushtakiwa. Tangazo likitoka, nenda kituoni au kwa mtendaji wa kijiji ukiwa na shahidi, likabidhi, urudi nyumbani ukalale.